Kituo Kisicho na Ukuta

Jumatatu, 3 Februari
Chai mara mbili kabla ya saa nne. Mchoro wa tatu wa bweni. Bado si mzuri.

Kituo kitajengwa karibu na Ishiara, kwa vijana thelathini waliopatikana na hatia mahakamani. Kituo cha wazi: darasa, karakana, shamba. Hakuna kufuli, hakuna ukuta. Bwana Mugendi, mkubwa wangu hapa ofisi ya wasanifu majengo, Embu, amepita mezani, akauliza ukuta uko wapi. Nikamwambia haupo. Akacheka. Alidhani sijamaliza kuchora.

Alhamisi, 6 Februari
Nimeenda na Kinya, afisa wa watoto, kwenye kituo wanakofungiwa vijana sasa. Sikumwambia kwamba jengo lile nalijua. Nililichora mimi, kazi yangu ya kwanza. Madirisha niliyaweka juu sana ili mtu asipande. Leo nimesimama ndani nikajaribu kuangalia nje. Huoni kitu. Hata mti huoni. Na nilisifiwa kwa madirisha yale. Naona aibu. Acha niandike hivyo tu: naona aibu.

Tuliwapa vijana sita karatasi, wachore mahali wangependa kulala. Nilitarajia maghorofa. Munene, miaka kumi na saba, alichora kitanda, msumari wa kutundikia shati, na dirisha la chini. Mwenda, kijana wa Maua, alichora mlango wa choo. Basi.

"Hapa hakuna, madam," akasema.

Najua hakuna. Niliandika mimi: choo bila mlango, kwa ajili ya usalama.

Jumatano, 12 Februari
Nimebadilisha kila kitu. Hakuna bweni tena. Nyumba tano ndogo, vijana sita kila nyumba, na mlezi wao. Dirisha usawa wa macho ya mtu aliyeketi kitandani. Veranda pana upande wa magharibi, maana jua la kule halina mchezo. Vyoo vina milango.

Mugendi anasema kamati ya mradi haitapitisha bila ukuta wa futi kumi na seng'enge juu yake. Nimemwambia nikilazimishwa kuuchora, jina langu litoke kwenye ramani. 

Jumanne, 18 Februari
Ishiara. Joto la kuchoma. Baraza la wanakijiji kuhusu kituo limeenda vibaya.

Chifu alitutambulisha vizuri. Kisha akasimama Mama Ciarunji, anayeuza nafaka sokoni. Mwanawe Nyaga alikuwa fundi wa cherehani. Vijana walimvamia miaka miwili iliyopita, wakamkata mkono kwa panga. Vidole vitatu havikunjiki tena.

"Unatuletea hao hao, halafu unasema hakuna ukuta? Wewe si unalala Embu?"

Watu wakapiga makofi. Ni kweli, nalala Embu. Chifu ametupa baraza moja zaidi. Wakikataa tena, ardhi waliyotupa inarudi kwao, na vijana watabaki kule chini ya madirisha yangu.

Jumatano, 26 Februari
Kinya amepata ruhusa ya kuwaleta wale vijana sita kufyeka kiwanja, siku mbili. Wako na mapanga. Hakuna askari. Ni mimi, Kinya na dereva.

Tumepiga vigingi na kuvuta kamba kuonyesha nyumba ya kwanza. Munene akalala chini ndani ya kamba, kwenye vumbi, kupima kama kitanda kitatosha. Kinatosha. Wenzake wakamcheka, halafu wakalala mmoja mmoja. Githeri, mahindi na maharage, saa saba chini ya jua. Watu wanaopita barabarani walisimama kutuangalia. Siku nzuri. Sijapata siku kama hii kazini kwa muda mrefu.

Alhamisi, 27 Februari
Mwenda ametoroka.

Saa tano alisema anaenda kuchota maji. Saa sita hajarudi. Dereva alizunguka hadi sokoni, akaambiwa kuna kijana aliyerukia lori la mahindi. Tumeripoti polisi. Kinya alilia ndani ya gari na sikumbembeleza. Nina hasira. Ningempata Mwenda leo ningemzaba kofi. Mugendi amepiga simu: mradi huo umekwisha.

Ijumaa, 28 Februari
Sikuenda ofisini. Nimekaa mezani nyumbani, nikachora ukuta. Futi kumi. Ni kazi rahisi, mstari mmoja tu kuzunguka. Kamati itafurahi, Ishiara itafurahi, mimi nitapumzika. Nimeuangalia saa nzima.

Nimeuchana.

Jumanne, 4 Machi
Mwenda amepatikana kwao Maua, anafunga miraa kwa mjomba wake. Mamake ni mgonjwa, anasema alitaka kumwona. Amerudishwa kwenye kituo cha kufuli. Ningempa ruhusa mwenyewe kama angeomba. Hakuomba. Pengine hajawahi kuomba kitu akapewa. Bado nina hasira.

Nimewauliza wale watano kama walijua. Walijua. Walimwona akipita. Wakaendelea kufyeka.

Nimemwendea Mugendi. Baraza la pili liko palepale, nimemwambia, na mimi naenda. Akanitazama, akasema basi atakuja pia, aone nikizomewa.

Alhamisi, 6 Machi
Watu wengi kuliko mara ya kwanza. Nilisema kabla sijaulizwa: mmoja alitoroka, amepatikana, amerudishwa. Watano walibaki, mapanga mikononi, hakuna aliyewalinda. Zikazuka kelele. Chifu akapiga meza.

Mama Ciarunji akasimama. Mimi hakuniangalia. Aliwageukia vijana watano, waliokuwa wameketi kwenye nyasi na Kinya.

"Nyinyi mlibaki kwa nini?"

Munene akainuka, mikono nyuma.

"Mimi pia nilifikiria kwenda, mama. Niliangalia hiyo barabara kabisa. Lakini nilikuwa nimepima kitanda yangu. Nikaona nikienda, hii kitu yote itakufa."

Akaketi. Mama Ciarunji akatugeukia sote.

"Mimi sijasamehe mtu," akasema. "Huyo madam asiende kuandika eti nimesamehe. Lakini ukuta sitaki. Waliomkata Nyaga walijificha nyuma ya ukuta wa ghala. Hawa nataka kuwaona. Jikoni iwe upande wa barabara. Nikipita kwenda sokoni nione nani yuko, na anafanya nini."

Chifu akasema wanaokubali wainue mikono. Si wote walioinua. Nyaga hakuinua wake, na simlaumu. Lakini zaidi ya nusu waliinua, na Mugendi alihesabu mara mbili kwa kidole. Kisha akaandika kwenye daftari lake: ua wa miti, urefu wa kiuno. Akaniambia nisahau habari ya kuondoa jina langu.

Jikoni nimeihamisha jioni hii hii. Imenilazimu kugeuza nyumba mbili na karakana. Imekuwa ramani nzuri zaidi, na si mimi niliyeiwaza.

Jumapili, 23 Machi
Mvua imeanza. Niko Kanja kwa mama tangu jana. Kamati imepitisha ramani bila ukuta; kesho mafundi wanaanza kuchimba msingi, nitashuka Ishiara asubuhi.

Baada ya kanisa tumepanda mahindi shamba la chini, mimi na mama. Yeye anachimba mashimo, mimi natia mbegu na kufukia. Kisha tukabadilishana, nikashika jembe mimi. Mistari yangu mitatu imepinda vibaya, mimi ninayelipwa kupiga mistari. Nikamwambia nitairudia.

"Wacha hivyo," akasema. "Mahindi hayajali."

Nimeiacha.