Kadi kwenye Kabati la Kioo

2 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za nyumbani? Watoto wazima? Mgongo wako umetulia? Mimi mzima, ila jicho la kulia limeingia utando, na daktari ananihimiza nikaone mapema ninachotaka kuona. Nimeshaamua. Nimesoma gazetini kwamba kituo cha nyota kule mlimani kinapokea wageni miaka mingi sasa, na mchana wanawaonyesha jua kupitia kioo cheusi. Mbona hukuwahi kunidokezea? Kilele kile nilikichagua mimi. Misimu mitatu kwenye hema, nikihesabu mawingu asubuhi na jioni, mpaka Mama akaniita Mawingu. Miaka thelathini na moja nimekaa ugenini. Nataka kuchungulia mara moja tu, kisha nikazuru kaburi lake.

Naja Agosti.

Kaka yako

19 Juni

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Shemeji yako anakusalimu na kuuliza, "Mzee Mawingu bado ana wazimu wa milima? Na yale magoti?" Kaka, usije mwaka huu. Barabara imekatwa na mvua, na kituo kimefungwa kwa matengenezo. Hakuna cha kuona huko, bati na baridi tu. Kikifunguliwa nitakuarifu. Miaka sita tangu Mama atutoke, lakini fuata lile neno lake la kila salamu: jifunike kifua.

Mdogo wako

11 Agosti

Mdogo wangu,

Hujambo? Nakuandikia kutoka nyumba ya wageni chini ya mlima. Barabara ni lami tupu. Kituo kiko wazi, na foleni imefika hadi vyooni.

Jua nimeliona: duara jekundu, lina madoa mawili kama vipele. Kisha binti anayetembeza wageni akatuingiza chumba cha pembeni. Ndani ya kabati la kioo kuna daftari langu la mawingu. Mwandiko wangu, na doa langu la chai ukurasa wa tisa. Kadi yake inasema: "Marehemu mpima ardhi aliyechagua kilele hiki. Daftari limetolewa na mdogo wake."

Nilicheka. Nikamwambia binti, "Huyu mbona kawahi kufa hivi?"

"Usitanie, mzee," akasema. "Mama yake alikuwa anakuja kila mwaka. Anapanda ngazi zote, anaweka kiganja kwenye kioo, anasema, 'Mwanangu alilala huku juu, na baridi yote hii.' Tukitaka kufuta alama ya mkono wake anatufokea, ngojeni kwanza niondoke!"

Miaka ishirini na mitano uliniandikia: Mama anakusalimu. Mama anasema jifunike kifua. Nieleze.

Kaka yako

24 Agosti

Kaka, shikamoo.

Mwezi uleule ulipoondoka walikuja watu watatu wa serikali wakikutafuta kwa ajili ya ile ramani ya mipaka uliyokataa kuitia saini. Nikawaambia umefia njiani. Mama alikuwa mlangoni na beseni la nguo, akasikia. Kilio chake hakuna ambaye angeweza kukiigiza. Wakaamini, wakaenda zao. Nilinuia kumwambia kesho yake, lakini unamjua: furaha haikumkaa kifuani, majirani wangejua kabla chai haijachemka. Nikangoja wale watu watoke madarakani. Walipotoka, miaka kumi na miwili ilikuwa imepita, nami nikaogopa macho yake. Salamu nilizitunga mimi. Barua zako kwake ziko sandukuni. Sikufungua hata moja.

Nilikuokoa, kaka. Likumbuke na hilo. Njoo nyumbani, chumba kiko tayari.

Mdogo wako

30 Agosti

Kwa ile miaka kumi na miwili nakushukuru, na shukrani hiyo haina kejeli ndani yake. Kumi na mitatu iliyofuata hakuna aliyekutisha ila wewe mwenyewe.

Kaburini nimefika, peke yangu. Leo nimepanda tena mlimani. Binti akaniuliza kama nataka kuliona jua. Nikasema hapana, nimekuja kwa kabati. Nimeweka kiganja pale alipokuwa akiweka chake. Kioo ni baridi kweli.

Nilipotia jina kwenye kitabu cha wageni, binti aliutazama mwandiko wangu, akalitazama daftari, akanitazama mimi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama abadilishe kadi.

Nimemwambia aiache kama ilivyo.

Usinijibu.

Marehemu