Kwa Shemeji Duarte, Mshambuliaji Aliyeambiwa Amekwisha

Mpendwa shemeji Duarte,

Jumamosi iliyopita nilipita pale uwanjani kwetu Maryland, ule wenye kilima cha nyasi nyuma ya goli. Hakukuwa na mechi. Mzee mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa aliniona nimesimama muda mrefu, akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana, namkumbuka mtu. Nikarudi garini nikiwa tayari nimeanza kukuandikia kichwani, na leo nimekaa kuimalizia. Naiandika barua hii wazi, yeyote aisome, kwa sababu hapa Takoma Park wamehamia watu wengi tangu mwondoke, na hawajui kabisa kwamba mshambuliaji wa kulipwa kutoka Ureno aliwahi kuishi nyumbani kwangu, akala ugali wangu na kulalamika kwamba hauna chumvi.

Basi acha niwaambie habari zako, nawe usikilize kama zilivyonikaa mimi.

Ulizaliwa mji mdogo wa kusini mwa Ureno, mtoto wa mwoka mikate. Ulinisimulia mwenyewe jikoni kwangu, ukikata vitunguu, jinsi klabu kubwa ya Lisbon ilivyokuchukua ukiwa kijana wa sekondari, ikakuvika jezi yake, halafu ikakutoa kwa mkopo huku na kule, kama mwavuli ambao kila mtu anauazima na hakuna anayetaka kuununua. Ulicheza kaskazini kwenye mvua. Ulicheza visiwani, ambako ulisema upepo ulikuwa unarudisha mpira ulioupiga mwenyewe. Kisha ukatua timu ya daraja la pili, na msimu mmoja ukafunga mabao mpaka mkapanda ligi kuu. Watu walikubeba mabegani kutoka uwanjani hadi hotelini. Mwaka huohuo ulikutana na dada yangu Rehema, aliyekuwa anasoma chuo kikuu huko Coimbra. Yeye mpira haujui. Alikuuliza kazi yako nini, ukamjibu unafunga mabao, akakuuliza na mchana unafanya nini.

Mkaoana, akazaliwa Inês. Kiswahili chako ulikipata kwa kumsikiliza Rehema akizungumza na Mama wa Tanga kwenye simu, ndiyo maana mpaka leo unaongea kama mama mkwe wako, ila na makosa yako ya pekee. "Shikamoo" uliitamka vizuri kuliko vijana wetu waliozaliwa hapa.

Halafu likaja suala la goti. Beki alikuangukia mguuni, ukapasuliwa, na kabla hujaacha magongo kiongozi mmoja wa klabu akakupigia simu kukwambia mkataba hautaongezwa. Ulisema alikutakia afya njema kwa sauti ya mtu anayetafuta funguo zake. Rehema akapata kazi ya ofisini Washington, na nyinyi watatu mkaja kukaa kwangu mpaka mpate nyumba. Ulikuwa na miaka thelathini na mbili. Ulipoingia mlangoni ulikuwa umebeba masanduku mawili makubwa na huchechemei, kwa sababu hukutaka nikuone ukichechemea. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye makao ya wazee kule Wheaton, chumba cha mazoezi ya viungo. Nilikuona.

Kiangazi hicho Ureno walikuwa wenyeji wa fainali za Ulaya. Siku ya mechi ya mwisho tulijazana sebuleni, majirani Wakenya na yule Mkongomani wa ghorofa ya juu, wote wakiwa upande wako. Wagiriki wakashinda. Wachezaji wa Ureno wakalia uwanjani mbele ya nchi yao, na sebuleni wote wakakugeukia wewe. Ulikuwa umelaza mguu kwenye kochi, barafu juu ya goti. Nikakwambia pole.

"Shemeji," ukasema, "wao wanalia uwanjani. Mimi nalilia uwanja."

Hukusema kwa kutaka huruma. Lakini Inês, aliyekuwa na miaka mitano, alikuwa amechora picha ya familia wiki hiyo. Mama yake alikuwa na mkoba wa ofisini. Mimi nilikuwa na gari. Baba alikuwa na mfuko wa barafu. Rehema aliificha ile picha, lakini ulikuwa umeshaiona.

Jumatatu yake nilimwomba msimamizi wangu akuruhusu uje kujitolea, usukume viti vya wazee, na kazi ikiisha utumie vyuma vya mazoezi. Akakubali. Nilidhani utakataa, mtu aliyezoea kushangiliwa na maelfu kwenda kusukuma viti. Asubuhi yake nilikukuta umeshavaa, umekaa kwenye ngazi za nje unanisubiri.

Na hapo ndipo ulipokutana na Bi Dorothy. Huyo mama, kwa msiomjua, alikuwa mwalimu mstaafu, mzaliwa wa hapahapa, aliyevunjika nyonga na kuambiwa na madaktari asitarajie makubwa. Alikutazama ulivyoshuka kwenye baiskeli ya mazoezi umekunja uso, akauliza huyu naye ana nini. Nikamweleza. Akasema, "Kwa hiyo na wewe wamekwambia umekwisha."

Ukamjibu ndiyo.

"Basi tushindane. Mpaka mlango ule. Mimi na fremu yangu ya kutembelea, wewe bila kushika kitu, mguu mmoja."

Siku ya kwanza alikushinda. Siku ya pili akakushinda. Wazee wengine wakaanza kuletwa kuangalia, na nilimsikia mmoja akilalamika kwamba chakula cha mchana kimemkosesha mwanzo wa mashindano. Miezi ikapita. Majani ya mitini yakageuka rangi na kudondoka, theluji ikaja ikaondoka, nawe ukahama kwenye mguu mmoja ukaenda kwenye kuruka kwa yote miwili, ukaenda kwenye kukimbia kupanda kilima kilichokuwa nyuma ya makao. Bi Dorothy akaacha fremu akachukua bakora. Siku aliyotembea bila kusaidiwa mpaka mezani kwake alikupita bila kukuangalia, akasema, "Sasa zamu yako."

Kulikuwa na timu ndogo ya kulipwa hapa Maryland, ya madaraja ya chini, na kocha wake alikuwa Mjamaika aitwaye Winston. Nilikupeleka mimi kwenye majaribio, kwa sababu Rehema alisema hawezi kuangalia. Vijana walikuwa wengi, wana mapafu kama farasi. Kocha Winston akakuuliza umri. Ungeweza kupunguza kidogo, wengi walipunguza. Ulimwambia ukweli.

Akatikisa kichwa. "Nina vijana wanaokimbia mara mbili yako."

"Wanakimbia kwenda wapi?" ukamuuliza.

Nilikuwa nimeegemea uzio nikasema moyoni, haya, tumeshafukuzwa. Kocha alikutazama, hakucheka, akakupa fulana ya rangi ya machungwa na kukuambia uingie. Mimi sikuelewa nilichokuwa nakiona, mpaka Mkenya mmoja aliyesimama karibu yangu aliponieleza. "Cheki huyo mzee," aliniambia. "Wenzake wanafuata mpira. Yeye ako pale mpira utafika." Nikaangalia tena na kweli, kila mara mpira ulipoanguka ndani ya boksi, ulikuwa umeshafika. Ulifunga la kwanza kwa goti, lile goti lenyewe, ukasimama kidogo kulitazama kana kwamba limekusalimia.

Ukasajiliwa mpaka mwisho wa msimu. Siku tuliyorudi nyumbani na habari ile Rehema alikuwa anapika. Alisikiliza, akazima jiko, akaingia chumbani akafunga mlango. Tulidhani amekasirika. Alipotoka alikuwa amenawa uso. "Na ukiumia tena?" akakuuliza.

"Nitaumia nikiwa nacheza, mke wangu. Huku kwingine nilikuwa naumia bila kucheza."

Mwanzoni ulikaa benchi. Ulikuwa unaingia mwishoni, unafunga, unatoka. Habari zikaanza kusambaa makanisani na misikitini, kwenye saluni za Wheaton, mpaka kwa Waswahili wanaofanya kazi kule mahakamani Upper Marlboro, kwamba kuna Mreno anayefunga mabao na kutoa salamu kwa Kiswahili. Walikuja kukuona kwanza kwa kicheko. Wakaendelea kuja kwa sababu mlikuwa mnashinda. Yule Mkongomani wetu wa juu, ambaye hakuna jirani aliyewahi kumsikia akipandisha sauti, alikuwa anasimama kwenye kile kilima cha nyuma ya goli na kupaza sauti, "Muzungu wetu! Pita katikati!"

Halafu ile Jumapili ya fainali ya ligi.

Rehema alikuja. Alisema anakuja kwa ajili ya Inês, akavaa kanga aliyopewa na Mama siku ya harusi yenu, akakaa pembeni yangu ameshika mkono wangu. Bi Dorothy alikuja na mjukuu wake na bakora yake. Alipoulizwa na watu wa mlangoni anashabikia timu gani, akasema amekuja kuangalia goti.

Walitutangulia. Bao la mapema, la mpira uliogonga mtu na kubadili njia. Kipindi chote cha kwanza tulishambulia na hatukupata kitu, na wewe ulikuwa benchi umejifunika taulo. Kipindi cha pili kilipofika katikati, Kocha Winston alikugeukia. Alinyoosha kidole tu kwenye goli lao.

Bao la kwanza wengi walikosa kuliona vizuri, kwa sababu walikuwa wanaangalia mpira. Mimi nilikuwa nakuangalia wewe. Winga wetu alipoinua kichwa kupiga krosi, watu wote, wetu na wao, walikimbilia golini. Wewe ulirudi nyuma hatua mbili. Ukabaki peke yako katikati ya watu wengi namna ile, kama mtu aliyeachiwa njia sokoni. Mpira ukakupata hapo. Hukuupiga kwa nguvu. Uliusindikiza kwa upande wa mguu mpaka kwenye kona ya wavu, na kipa hakuinua hata mkono.

La pili lilikuja mechi ikikaribia kumalizika. Pasi ndefu kutoka nyuma, beki amekulalia mgongoni, kijana mwenye nguvu kukuzidi. Ukaupokea kwa kifua. Ili ugeuke ulilazimika kuukita ule mguu uliopasuliwa na kuuachia mwili wako wote. Rehema alinibana mkono mpaka pete yake ikaniachia alama. Ukaukita. Ukageuka. Beki akabaki ameshika hewa. Kipa akatoka mbio, na wewe ukauinua mpira juu yake polepole, polepole mno, mpaka nikapata muda wa kufikiri kwamba hautashuka. Ukashuka wavuni.

Sikumbuki nilichopiga kelele. Nakumbuka Rehema, dada yangu mtaratibu, amesimama juu ya benchi na kanga mkononi anaipunga. Nakumbuka kilima kizima kinaita jina lako, kila mtu kwa lafudhi ya kwao. Na Inês alinivuta blauzi, akaniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwa nini watu wote hawa wanalijua jina la baba yake.

Nikamwambia, "Kwa sababu baba yako ni mchezaji mpira."

Akafikiri. Kisha akasema kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza bila kulazimishwa na mtu, "Huyo ni baba yangu." Akamwambia mama wa mbele yetu. Akamwambia muuza soda. Firimbi ya mwisho ilipolia ulikuja moja kwa moja kwenye uzio ukamnyanyua, jasho na matope, akakupiga kichwani kwa furaha na kukuambia ulichelewa kuingia. Bi Dorothy alikupa mkono kama mwalimu anayempongeza mwanafunzi. "Goti ni zuri," alisema. Kisha akakaa, kwa sababu alikuwa amesimama kipindi chote cha pili.

Ulicheza misimu miwili zaidi. Siku ya mwisho Kocha Winston alikuwa bado anakubembeleza uendelee. Mimi nilikuwepo ulipomjibu: "Kocha, mguu haujakataa. Ni mimi nimeridhika." Ulipotolewa, wapinzani wenu walisimama wakakupigia makofi, nawe ukawapa mkono mmoja mmoja bila haraka. Baadaye mkafunga masanduku, mkarudi kule kusini kwa wazazi wako, ukawa unafundisha vijana wa timu iliyokulea. Rehema ananiambia unawafokea kwa Kiswahili wakikosa magoli ya wazi, na kwamba wameshajua maana yake.

Nyumba ilikuwa kimya mno mlipoondoka. Kwa wiki nyingi nilipika chakula kingi kuliko nilichohitaji. Lakini sikuandika ili kukupa huzuni. Nimeandika kukwambia kwamba niliingia darasani, shemeji. Kila jioni ya juma, baada ya kazi, nilisoma mifupa na misuli kwa Kiingereza kigumu, na mwezi uliopita nimefaulu. Sasa chumba cha mazoezi nakisimamia mimi. Na wiki hii ameletwa mwanamke mmoja, dereva wa basi, ameumia mgongo na ameshakata tamaa. Nilimwambia nilimwona kwa macho yangu mtu aliyeambiwa amekwisha akisimama tena. Alidhani namtania. Jana alisimama mwenyewe, akatembea mpaka dirishani, akakaa pale anaangalia nje huku analia na kucheka, nami nikaona niache kila kitu nikuandikie.

Nimeomba likizo. Mwezi wa saba nakuja Ureno, mara yangu ya kwanza. Mwambie Rehema aanze kulalamika mapema kwamba nakaa siku chache, na Inês ajiandae kunitembeza mji kwa Kiswahili. Wewe nitafutie nafasi uwanjani, nyuma ya goli, siku vijana wako wakicheza. Nataka nikae katikati ya watu waliokuona ukikua, niwaambie yaliyobaki, yale ambayo wao hawakuyaona.

Mpaka hapo, shemeji, uwe salama, na utembee kifua mbele.

Ni mimi, shemeji yako wa Takoma Park,
Neema