Filamu Niliyompelekea Mama Mkwe

Jumapili, Kitale

Ati nilisema ni ya kuchekesha. Mke wangu Nekesa amerudia maneno hayo njia nzima kutoka kwao Kanduyi.

Lakini si inachekesha? Muuza chapati anawaficha watoto wake ugonjwa, na kila wakimuuliza anawatania. Imepigwa kwa kamera ya kuazima na nimeitazama mara nne. Nilitaka tu mama mkwe acheke kidogo baada ya yale majibu yake ya hospitali. Nikasahau mwisho. Mtu anasahauje mwisho?

Kwa vile kwa mila yetu mkwe haketi chumba kimoja na mama mkwe wake, wao waliitazama sebuleni, mimi nikakaa nje chini ya dirisha. Nilimsikia akicheka mpaka akakohoa. Nikajisifu, mjinga mimi. Halafu muuza chapati akafa.

Nilitamani kuingia nimwombe msamaha. Siwezi, hata siku kama hiyo.

Baadaye Nekesa akatoka, macho mekundu. "Mama anauliza kama huyo dairekta ana zingine."

Nikamwambia ziko mbili. Ile ya fundi wa redio ndiyo bora, ila ni ndefu, karibu saa tatu. Ya wazee wanaogombania kuku ni dakika ishirini, na hakuna anayekufa.

Akarudi kumwambia. Mama akapaza sauti, makusudi nisikie:

"Mwambie bwana yako alete hiyo ndefu. Lakini asikawie."