Maganda kwenye Ndoo ya Shule

Jumanne, 1 Machi 1977
Bwawa limebaki tope tupu. Watoto kumi na wawili wanaharisha. Mzee Abdurahman, mwenyekiti wa kamati, kasema tusipopata maji safi ndani ya siku kumi shule itafungwa hadi mvua. Mwalimu wa sayansi ni mimi — macho yote kwangu! Nina kijitabu kimoja tu, kinasema unga wa maganda ya kamba wa baharini huvuta tope chini. Nimemtuma Bi Kahaso, mpishi wetu, akaombe maganda kwenye hoteli za Diani.

Jumamosi, 5 Machi
Gunia limekuja limejaa, linanuka hadi ofisini. Nimeloweka maganda kwenye asidi, yakatoa povu, yakalainika. Kisha kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, kuchemsha kutwa nzima. Vidole vimebabuka. Asidi imekwisha yote. Kwetu Machakos wangeniona nikipika takataka za baharini, ningekoma kwa kuchekwa.

Jumatatu, 7 Machi
Nimetwanga, nikayeyusha unga kwenye siki, nikatia vijiko viwili katika ndoo ya maji ya bwawa. Nikakoroga, nikaenda kusahihisha madaftari. Kurudi — tope lote chini, juu maji maangavu! Nikakaa sakafuni nikacheka peke yangu.

Jumanne, 8 Machi
Nimemshukuru Bi Kahaso. Akasema hoteli walimpa debe moja tu la kamba, gunia akalijazia maganda ya kaa. Kaa! Kwao wanawala. Wazee wa kamati hawamgusi — kwa dini yao mnyama wa majini na nchi kavu haliwi. Maskini Bi Kahaso, alidhani natengeneza mbolea. Nikamuuliza nani mwingine anajua. Hakuna. Swali hilo limenitia aibu hadi sasa.

Jumatano, 9 Machi
Kamati wamekuja. Mzee Abdurahman akaitazama ndoo, akasema mashaallah.
“Mwalimu Nthiwa, mwanangu, mimi neno lako natosheka nalo. Niandikie vilivyomo humu, Ijumaa niwasomee wazazi msikitini.”
Nikaitikia. Hakuna aliyekunywa bado.
Ametoka, ananisubiri barazani. Bi Kahaso yuko jikoni. Nimechoka, Mungu wangu. Karatasi hii hapa, kando ya shajara. Nimeandika asidi, nimeandika kostiki, nimeandika siki. Nimefika maganda ya kamba. Sijatia nukta.