Baba, Nani Alikuangusha?

Baba,

Tangu tukuzike hapa Kapseret sijalala vizuri. Nilikuwa na hakika mtu alikuangusha, na mtu huyo ni Naomi, mke wa ndugu yangu Kiprop.

Yeye ndiye alikupata mbele ya zizi, ile siku uliyotoka mjini kusafishwa damu. Kwanza alituambia uliteleza kwa matope. Matope gani, na mvua ilikuwa haijanyesha? Nilipomuuliza tena, akasema ulijikwaa kwa ndoo. Ndoo zilikuwa zimetundikwa ukutani, niliziona.

Halafu hospitalini, daktari akitueleza kwamba nyonga imevunjika, nilikukunjia mkono wa shati. Baba, mkono ulikuwa na alama za zamani zilizogeuka manjano. Nikakuuliza ni nini. Ukageuza uso ukasema, "Wachana na mimi, Chebet." Nilidhani unamwogopa Naomi.

Ulipofariki niliyasema yote mbele ya baba wadogo. Naomi hakujitetea. Alichukua watoto akarudi kwao Moiben. Hata hilo nikaona ni ushahidi.

Wiki jana Mama Nekesa alikuja kutupa pole. Ni yule mliyekuwa mkilala vitanda jirani kwa mashine ya kusafisha damu. Tukiwa kwa chai akasema, "Huyu mzee nilimwonya juu ya kuanguka."

Nikaweka kikombe chini. "Kuanguka gani?"

"Hamkujua? Sisi tukitoka kwa mashine presha inashuka. Ukisimama haraka, kizunguzungu. Miguu nayo imekufa ganzi, na mifupa figo zimeimaliza. Mzee alianguka hata pale kwa ngazi za kliniki, akanikataza kusema."

Sikumwamini. Nilifikiri labda Naomi amemtuma. Kesho yake nikaenda Moiben mwenyewe.

Naomi alinikuta langoni, hakunikaribisha ndani. Nikamuuliza zile alama zilitoka wapi.

"Alianguka kwa mlango wa choo," akasema. "Mimi ndiye nilimwinua. Kila mara ni mimi. Aliniapisha. Alisema mkijua mtamfungia kwa nyumba na ng'ombe watauzwa. Ndiyo maana nikasema matope, nikasema ndoo."

"Na baada ya kufa, mbona ukanyamaza?"

"Nilimwapia mzee, Chebet. Na wewe ulikuwa umeshaamua."

Nilimuuliza tena na tena, nikitafuta pahali atajikanyaga. Maneno hayakubadilika. Alilia, nami nikalia, lakini hatukushikana.

Baba, nimekukasirikia. Ulimwachia mtoto wa wenyewe mzigo wa siri yako, ndio wewe uitwe mwanaume anayekamua ng'ombe wake mwenyewe. Fimbo niliyokununulia nimeipata nyuma ya kabati, ikiwa bado kwa nailoni. Na kule kliniki hakuna aliyewahi kutuuliza kama unaanguka. Sisi pia hatukuuliza.

Jumapili wazee wanakaa. Nitasimama niyafute yale niliyosema, halafu mimi na Kiprop twende Moiben. Kama Naomi atakubali kurudi, sijui. Nakuahidi nitaenda tena na tena mpaka anikaribishe ndani.

Lala salama, Baba. Mwenyezi akupumzishe miguu.

Lakini kuna kitu kingine. Siku hizi Mama anatembea akishika ukuta. Leo asubuhi nimemuuliza, akacheka, akasema ni baridi tu ya Eldoret.

Simwamini.

Binti yako,
Chebet