Taa Haikumbuki

Jumatatu, 6 Mei

Chai saa moja. Misa sikwenda. Goti.

Nimeshinda nikichomoa waya wa umeme wa chipu ya mashine yangu na kuurudisha. Kila mara hesabu kwenye kioo cha namba iliendelea pale ilipoishia. Umeme ukipotea, kapasita hubakiza nguvu ya kufumba na kufumbua jicho. Katika muda huo maktaba yangu ya programu hunakili yote yaliyomo ndani ya chipu: kumbukumbu zake za kazi, yaani rejista na rundo, na mahali programu ilipofika. Umeme ukirudi, kila kitu hurudishwa mahali pake. Programu haijui kwamba ilikufa.

Mistari michache tu. Kazi mbili: moja nimeiita Hifadhi, ya pili Rudisha. Hata nilipokuwa nikiandika programu za mitambo Dar es Salaam sikuwahi kuandika kitu safi kama hiki. Nimeridhika. Nasema bila haya.

Jumanne, 7 Mei

Sanduku limekamilika. Mninga ni mzito mno kwa kitotoleshi cha mayai, lakini ndio mbao nilizokuwa nazo. Ndani kuna taa za kupasha joto, feni, kipimajoto na injini ndogo ya kugeuza mayai. Kifuniko hakina dirisha. Kioo hupoteza joto. Programu iliyo sahihi haihitaji kuchunguliwa.

Nitaanza na mayai ya jirani. Yakiharibika si msiba.

Alhamisi, 9 Mei

Dada Veridiana amefika kutoka Kasokola kwa bodaboda, kitenge kimefungwa kifuani kama mwenye mtoto mchanga. Hakusalimia.

"Fideli, hiyo mashine yako inafanya kazi au bado unaisomea?"

Ndani ya kitenge mna mayai kumi na moja, bado ya moto.

Nilijua kwamba mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ulipita kwake mwezi uliopita. Sikujua kwamba ulimaliza banda zima, na jogoo pia. Alibaki koo mmoja, kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, na ndiye aliyeanza kuatamia Mei Mosi. Leo asubuhi alitoka kwenda kunywa maji. Pikipiki ikamgonga mbele ya mlango.

Vishingo hao ni wa mama yetu. Mama alimpa Dada jike na dume siku alipoolewa, na tangu hapo hakuna mgeni aliyekula kuku mwingine nyumbani kwake. Nilipokuwa nikirudi likizo kutoka seminari, firigisi ilikuwa yangu. Dada aliwagawia majirani mbegu hiyo, na wao wamefiwa na kuku vilevile. Hakuna kwingine pa kuipata. Yaliyobaki ni haya.

Sikutaka. Mashine haijajaribiwa na kitu chenye uhai. Lakini mayai yaliyokwisha kuatamiwa hayasubiri.

Programu yangu huanza siku ya kwanza. Mayai haya yana siku nane. Ikianza mwanzo, itaendelea kuyageuza hata siku ambazo kifaranga anatakiwa aachwe atulie. Kwa hiyo nimeandika kwa mkono mahali pa kuamkia: siku ya nane. Nimeiambia programu kwamba ilikuwapo mahali ambapo haikuwahi kuwapo. Imekubali bila swali.

Dada analala chumba cha wageni. Amesema hatoki hapa mpaka aone mwisho.

Ijumaa, 10 Mei

Ugomvi.

Dada amefungua kifuniko kabla sijaamka, akaingiza mkono. Baadaye tena. Kila akifungua, joto linashuka. Nimemwambia aache. Amesema mayai yasiyoguswa hujiona yatima. Nimemwambia yai halijioni chochote.

"Nyie wasomi mna shida. Sasa nitajuaje kama ni mazima?"

"Programu inajua."

"Ikufie basi hiyo programu, tuone utaniletea nini."

Nimeweka kufuli. Ufunguo uko mfukoni mwangu. Amekula mchana bila kuniangalia. Sikufurahi, lakini aliye sahihi hana budi kusimama palepale.

Jumamosi, 11 Mei

Umeme umekatika kabla ya adhuhuri. Dada alisimama kando ya sanduku, mikono kichwani. Mimi nilikaa, nikachambua maharage.

Uliporudi nilisoma namba kwenye kioo. Siku ya kumi. Joto lilikuwa limeshuka kidogo, likapanda, likatulia. Nilirudi kwenye maharage. Nadhani uso wangu ulisema yote.

Alipika wali. Akaniwekea ukoko, ambao anajua naupenda. Nimeuchukua kuwa ni amani.

Jumapili, 12 Mei

Siku mbaya.

Tulikwenda Misa ya pili pamoja. Padri alihubiri kwa kirefu, na baada ya hapo watu walimzuia Dada nje kumpa pole ya kuku. Tuliporudi, jirani akasema umeme ulikatika tulipoondoka tu, ukarudi muda si mrefu. Sikuwa na hofu. Kioo kilikuwa kinawaka. Siku ya kumi na moja. "Taa: imewashwa." Sikuitazama namba ya joto. Neno hilo lilinitosha. Niliingia ndani kuvua koti.

Dada akaweka kiganja juu ya mbao.

"Fideli. Mbona baridi?"

Nilianza kumweleza kwamba mninga ni mnene, joto halipenyi. Akarudia jina langu, mara hii kwa sauti ya mama. Nikatoa ufunguo.

Giza. Taa zote zimezima. Mayai baridi kama mawe ya mtoni. Na kwenye kioo yale maneno yaliendelea kunitazama: imewashwa.

Dada hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliyafunga mayai kwenye kitenge, akakaa chini jikoni, akayaweka mapajani. Mimi nilichemsha maji, nikajaza chupa, nikazifunga kwa taulo, nikazipanga pembeni mwake. Zikipoa, nyingine.

Jioni nimeketi na karatasi nikafuata programu mstari kwa mstari. Si vigumu kuiona. Ni aibu jinsi isivyo vigumu.

Umeme ulikatika taa zikiwa zinawaka. Hifadhi ilinakili kila kitu, pamoja na neno "imewashwa". Umeme uliporudi, chipu iliamka na miguu yake yote, ile inayopeleka amri kwenye taa na feni, imezimwa. Ndivyo kila chipu inavyoamka. Rudisha ikairudishia programu kumbukumbu zake. Programu ikaendelea: taa nimekwisha kuziwasha, sasa ningoje joto lipande. Ikangoja. Ingengoja mpaka Pasaka.

Programu inakumbuka kwamba iliwasha taa. Taa haikumbuki.

Jumamosi umeme ulikatika taa zikiwa zimepumzika. Ndiyo sababu yote yalikwenda vizuri. Haikuwa usahihi. Ilikuwa bahati. Na majaribio yangu yote ya Jumatatu yalikuwa ya hesabu kwenye kioo. Sikuunganisha hata taa moja.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Hifadhi huitwa mara moja na hurudi mara mbili. Mara ya kwanza, baada ya kunakili, hutoa sifuri. Mara ya pili, programu inapofufuliwa, hutoa moja. Niliweka tofauti hiyo makusudi, ili programu ijue kwamba imetoka kuzimu na si chumba cha pili. Kisha sikuandika popote mstari wa kuuliza. Niliandika jibu. Swali sikuliandika.

Jumatatu, 13 Mei

Dada amelala ameketi, mgongo ukutani, mayai mapajani. Nilibadilisha chupa mpaka alfajiri.

Asubuhi tumeyamulika kwa tochi, stoo, mlango umefungwa. La kwanza Dada akasema limekufa. La pili limekufa. La tatu akasukuma tochi na kusema yote yamekufa, nisimtese. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, naye hakubali. Nilishika la tatu karibu na uso, nikangoja. Mishipa myekundu, na katikati yake kitu kidogo kikaruka. Nikamshika mkono mpaka akakiona.

Yaliyo hai ni saba. Mengine tumeyaweka kando. Amekataa yatupwe mpaka nichimbe shimo. Nimechimba.

Amekwenda mpaka Magamba kuazima koo anayeatamia. Hakuna aliyekubali. Walimpa maji na pole, na mmoja wao alimwambia asikanyage karibu na banda lake. Siwalaumu. Mayai yanatoka kwenye nyumba ya mdondo.

Amerudi miguu imevimba.

"Hayarudi humo," amesema akielekeza kidole kwenye sanduku.

Sina haki ya kumbishia.

Lakini mapaja ya mtu hayana joto la kuku, na chupa hupoa. Yeye anajua. Mimi najua.

Jumanne, 14 Mei

Nimeandika upya. Sasa Hifadhi ikirudi, programu inauliza: nimetoka kunakili, au nimetoka kufufuliwa? Ikiwa imefufuliwa, hesabu ya siku inabaki, kwa sababu ile ni kweli popote. Lolote linalohusu vitu vya nje linafutwa. Taa: sijui. Feni: sijui. Joto: sijui. Kisha inaenda kupima na kuwasha, kama mgeni aliyeingia leo.

Imeniwia vigumu kuandika "sijui" kwenye programu. Nimeiandika.

Nimekata pia tundu kwenye kifuniko na kutia kioo. Nimekitoa kwenye fremu ya picha yangu ya kuagwa kazini. Picha nimeiweka kabatini.

Kisha nikamwita Dada. Nilimwambia asiniamini, atazame. Sanduku tupu, taa zinawaka, nikachomoa waya. Giza. Nikaurudisha. Taa zikawaka. Akasema tena. Nikafanya tena. Akasema sasa achomoe yeye. Alichomoa kwa hasira, kama anayeng'oa jino la mtu aliyemkosea. Akasubiri. Akarudisha. Zikawaka.

"Tena."

Tulifanya hivyo mpaka nikachoka kuinama, akaniletea kigoda. Mwishowe alifungua kitenge, akayapanga mayai yeye mwenyewe, moja moja. Akaweka mkono ndani, akauacha. Sikusema neno kuhusu joto.

Kufuli nimeitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

Alhamisi, 16 Mei

Umeme umekatika mara mbili. Mara zote mbili Dada alikuwa dirishani pa sanduku kabla yangu. Mara zote mbili taa ziliwaka. Ya pili akaguna tu, akarudi kumenya mihogo.

Nalala vibaya. Naota neno lile kwenye kioo.

Jumamosi, 18 Mei

Injini ya kugeuza imejizima yenyewe, kwa siku yake. Mayai yameachwa yatulie. Dada ameuliza kama mashine imeharibika. Nimemweleza. Amesema, "Basi na wewe tulia," kwa sababu nilikuwa nimesimama pale tangu asubuhi.

Jumanne, 21 Mei

Yai moja limetoboka. Dada aliita kutoka ukumbini kama anaita watu kwenye moto. Tumesikia sauti ndani ya mayai mengine. Kabla ya magharibi umeme ukakatika, na wakati huu haukurudi upesi. Chupa za maji ya moto tena. Dada alifunika sanduku kwa blanketi langu zuri. Akaanza rozari na mimi nikajibu. Tulikuwa fungu la tatu uliporudi. Hakuna aliyetazama kioo cha namba. Sote tulitazama tundu. Mwanga ulitoka, wa njano.

Dada alimaliza rozari. Mimi niliondoa chupa zilizopoa.

Jumatano, 22 Mei

Vifaranga watano. Mawili hayakuanguliwa.

Watatu kati yao ni vishingo. Shingo tupu, nyekundu, mbaya kabisa kutazamwa. Dada amewashika mmoja mmoja na kuwaambia jinsi walivyo wabaya. Alikuwa akilia. Mimi nilitoka nje kutazama mahindi, ambayo hayakuhitaji kutazamwa.

Jike au dume, bado hatujui. Ni lazima wawepo wote wawili. Tutangoja.

Alhamisi, 30 Mei

Dada amerudi Kasokola na boksi kwenye mapaja. Ameapa kuwachanja kwa siku zao, na bodaboda atakayepita kwa kasi mbele ya mlango wake atamjua. Mmoja wa wale vishingo amenyoosha miguu mirefu na kusimama wima kupita wenzake. Dada anasema ni jogoo. Mimi nasema ni mapema mno kujua. Amenicheka.

Alipokuwa anaondoka aliniambia, "Hilo sanduku usiliweke mbali, mdogo wangu."

Nyumba ni kubwa kuliko ilivyokuwa.

Jumapili, 2 Juni

Misa. Chai. Goti ni afadhali.

Sanduku sijalizima. Ni tupu. Linahesabu siku zake.

Umeme ulikatika mchana nikiwa nasoma. Uliporudi, niliinuka, nikatazama tunduni. Taa zilikuwa zinawaka. Nikaweka kiganja juu ya mbao, nikangoja mpaka joto likanifikia.