Kambale Walioonewa Huruma

Herman, kamati ya maji imetoka hapa kwangu sasa hivi. Wamemtema samaki wangu. Wamemtema!

Unajua nilivyohangaika kuwaalika. Wanataka kufunga mfereji unaoleta maji bwawani kwangu, wanasema tunapoteza maji kwa ajili ya nyoka wenye masharubu. Nikawaambia njooni mle kwanza. Nikawaeleza protini, nikawaeleza mafuta yanayofaa moyo, nikawaeleza kwamba kambale chotara ana nyama nene na miiba michache. Walinisikiliza vizuri kabisa.

Baltazar, mwenyekiti wao, akatia kipande mdomoni. Akatema. "Mzee Yoakimu, haya ni matope yenye chumvi."

Matope! Na mimi niliwaweka kambale hao kwenye pipa la maji safi bila chakula, ili ladha ya tope iwatoke, kama tulivyofundishwa kwenye semina.

Nikamwuliza mke wangu. Unajua Philomena alijibu nini? "Niliwahurumia. Jana niliwarudisha bwawani wakale washibe. Hata ng'ombe wa kuchinjwa hulishwa kwanza."

Mbele ya kamati, Herman! Baltazar alicheka hadi akashika ukuta.

Wamenipa nafasi moja tu, Jumapili baada ya ibada. Wakitema tena, mfereji unafungwa.

Nimeweka kambale wengine kwenye pipa na nimekaa kando yake. Philomena amepita sasa hivi, akachungulia, akasema, "Maskini, wamekonda."

Sitoki hapa.